Motere Iliyofunguliwa Haijafa

Mtu anayeuza gari Kasongo, kwetu Maniema nchini Kongo, haanzi na rangi wala matairi. Anaanza na motere: "Hii haijafunguliwa." Anasema mara mbili, na mnunuzi anaitikia kwa kichwa kana kwamba ameonyeshwa cheti. Maneno hayohayo nimeyasikia Bukavu na Kalemie, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kigoma, ambako husema injini. Kote maana ni moja: chuma kikishafunguliwa uhai wake umetoka, na hakuna mkono wa kuurudisha. Mimi nasema maneno hayo ni ya uongo, yanatutia umaskini, na yametufundisha kuogopa vitu tulivyo navyo.

Siandiki kwa kubahatisha. Uani kwangu ipo Mercedes-Benz 220 D, ile ya taa za wima ambayo Wajerumani waliitoa kati ya 1968 na 1976. Motere yake nimeifungua yote chini ya mwembe, nikaiosha, nikaipima, nikabadilisha kilichokwisha, nikaifunga. Kazi ilichukua miezi kumi na minne. Inatembea. Wengi wanaoniambia nimepoteza muda ni watu ninaowapenda, na hoja zao si za kijinga. Ndiyo sababu nazijibu kwa urefu.

Wasomaji wa pwani wanivumilie kwa msamiati. Kwetu mashine zilikuja zimefungwa ndani ya Kifaransa, basi tunasema motere, kulasi, segimenti, supapu, vilibrekeni, bujii, mazutu, tablo, kamiyo, okazio. Nyinyi mnasema injini, silinda hedi, ringi, valvu, krankshafti, plagi, dizeli, dashibodi, lori, mtumba. Chuma ni kilekile.

Gari hili liliingia Kasongo na mfanyabiashara Mgiriki. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa mali ya Wazairwa. Mgiriki akaondoka, duka likapewa mtu, gari likafuata duka. Baba yangu alilinunua miaka kumi baadaye, likiwa limechoka lakini zima, akalipeleka Kabambare alikokuwa akinunua mpunga. Mwaka 1998 vita vya waasi wa RCD vilipokaribia, alijua gari zima litachukuliwa siku hiyohiyo ya kwanza. Akafanya jambo moja usiku. Akaifungua pampu ya mazutu, akaiosha, akaizamisha katika mafuta mazito ya motere ndani ya dumu lililokatwa kichwa, akalifukia dumu nyuma ya jiko. Kabla ya hapo alikuwa ametoa injekta zote nne na kumimina mafuta katika kila silinda kupitia matundu yake, kisha akazirudisha. Askari walichukua matairi, batri na kiti cha nyuma. Motere waliiacha, kwa kuwa bila pampu ni jiwe.

Baba hakuwa fundi. Alifanya tu kile ambacho Wajerumani walifanya kwenye Ziwa Tanganyika, na mfano huo nautaka hapa kwa sababu hauwezi kupingwa. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikasafiri hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaungwa upya. Julai 1916, Wabelgiji na Waingereza walipokaribia, mafundi walewale walioiunga waliipaka mitambo yake girisi tele na kuizamisha kwa mikono yao. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Baadaye ikafunguliwa tena, ikatolewa mtambo wa mvuke na kutiwa wa dizeli. Mwaka 1997 meli hiyohiyo ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi waliokimbia vita vyetu. Kuna watu wa Fizi na Kabambare walio hai leo waliovuka ziwa juu ya chuma kilichofunguliwa chote, kikazamishwa, kikafufuliwa, kikafunguliwa tena. Nawaomba waniambie kilikufa lini.

Sasa niwape wapinzani haki yao. Hofu ya motere iliyofunguliwa haikuzuka hewani. Watu wameona. Jamaa yangu alipeleka Land Rover yake kwenye garaji ya mji mkubwa. Wakaifungua Jumatatu, wakaifunga Ijumaa, na baada ya miezi mitatu ilikuwa inakunywa mafuta ya motere kama inavyokunywa mazutu. Tangu siku ile ukoo mzima una ushahidi: ilifunguliwa, ikafa.

Lakini tazameni walichofanya. Walitia segimenti mpya katika silinda zilizolika. Silinda ya motere ya zamani hailiki sawasawa: inapanuka juu, pale moto unapowaka, na kubaki na kipenyo chake cha asili chini. Juu kabisa, mahali segimenti isipofika, hubaki ukingo mdogo wa chuma kisichoguswa. Pitisha ukucha kutoka chini kwenda juu, utanasa. Segimenti ya zamani imezoea kusimama chini ya ukingo huo. Segimenti mpya, yenye ncha kali, inaugonga kila pistoni inapopanda, mara elfu mbili kwa dakika, mpaka ivunjike au ivunje pistoni. Yule fundi hakuua motere kwa kuifungua. Aliiua kwa kutopima. Na hakupima kwa sababu mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni akiuliza saa ngapi, na mwenye garaji alikuwa na magari mengine sita kwenye foleni.

Kwa hiyo kazi ya namna hii naitetea ifanyike nyumbani, hata pale ambapo garaji ipo. Wanaosema "peleka kwa wataalamu" wanadhani kinachokosekana uani ni utaalamu. Hapana. Kinachokosekana garaji ni muda. Nyumbani hakuna anayekulipa kwa siku. Ukichoka unafunika kwa turubai. Ukiwa na shaka unalala nayo, asubuhi unapima tena.

Vumbi? Ndiyo, Julai Kasongo ni vumbi tupu. Tulimwagia ua maji alfajiri, tukafanya kazi hadi saa nne, tukafunga kila kipande katika kitambaa cha pamba kilichochemshwa. Nati na boliti ziliwekwa katika mikebe ya maziwa, kila mkebe na alama yake ya chaki, na daftari likaandikwa mkebe upi umetoka wapi. Motere, yenye uzito wa karibu kilo mia mbili, ilitoka kwa mnyororo ulioning'inizwa kwenye miti mitatu iliyofungwa kileleni. Wapo waliosema hakuna vifaa. Nitaeleza tulivyopima silinda, wapate kuona ni vifaa gani hasa vinavyotakiwa.

Huku hakuna mtu mwenye kile kipimo cha saa kinachoingizwa ndani ya silinda. Tulikuwa na segimenti moja nzima na vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Unaitia segimenti ndani ya silinda bila pistoni, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, hadi chini kabisa pasipolika. Ncha zake mbili hazigusani. Unapima mwanya kwa vibamba. Sisi tulipata 0.40 mm. Kisha unaipandisha hadi juu, chini kidogo ya ukingo, unapima tena. Tulipata 0.65. Tofauti ni 0.25, na huo ni urefu ulioongezeka kwenye mzunguko wa duara. Igawanye kwa 3.14, kama tulivyofundishwa darasani, utapata kipenyo kimeongezeka 0.08 mm. Kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa akitusaidia alifanya hesabu hiyo kwa kijiti juu ya mchanga. Akairudia. Silinda ya motere hii ina kipenyo cha 87 mm. Imelika chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Basi haikuhitaji kutobolewa upya. Ilihitaji kuondolewa ule ukingo, kusuguliwa kidogo ukuta wake ili ushike mafuta, na segimenti mpya. Hiyo ndiyo habari ambayo garaji ya Land Rover haikuitafuta, na sisi tuliipata kwa hesabu ya shule.

Supapu nazo hazikuhitaji umeme. Kila moja ina kiti chake katika kulasi, na viwili hivyo vinapaswa kugusana pande zote bila hata unywele kupita. Unapaka dawa ya kusagia, unashika kijiti chenye mpira unaonyonya uso wa supapu, unakizungusha kati ya viganja viwili, mbele na nyuma. Mzee mmoja aliyepita alisimama akatazama, akacheka kwa furaha: "Mnapekecha moto!" Ndivyo ilivyo hasa. Ni mikono ileile ya babu zetu na kijiti kilekile, ila moto unakuja baadaye. Ukifuta dawa, lazima uone pete ya kijivu, pana sawasawa, isiyokatika. Ikikatika, unaendelea. Supapu ya tatu ilituchukua siku mbili. Mwisho unaigeuza kulasi, unamimina mazutu juu ya supapu zilizofungwa, unaenda kula. Ukirudi na hayajavuja hata tone, umemaliza.

Nisifiche: si kila kitu kilifanyika chini ya mwembe. Vilibrekeni ilikuwa na mikwaruzo mahali pamoja, na kuisaga kunahitaji mashine ambayo haipo Kasongo wala Kabambare. Tuliipaka girisi, tukaifunga kwa kitambaa na ngozi ya mbuzi, ikapanda baiskeli hadi mtoni, ikavuka Lualaba kwa mtumbwi, ikangoja treni Samba, ikashuka hadi Lubumbashi, mji ambao watu wake wamesaga chuma cha migodi kwa miaka zaidi ya mia. Ilirudi baada ya miezi mitano ikiwa na kusineti zake, vile vibamba laini vinavyolala kati ya chuma na chuma, za saizi iliyolingana na usagaji. Mtu akiniambia miezi mitano ni wazimu, namkumbusha njia zetu zimezoea mizigo ya namna hiyo. Mashua ya msafiri Stanley, Lady Alice, ilipita Kabambare mwaka 1876 ikiwa vipande vichwani mwa wapagazi, na Novemba mwaka huohuo iliungwa na kushushwa Lualaba. Jina lililobaki vitabuni ni la mwenye mashua. Waliobeba, wakafungua, wakaunga, ni wapagazi wale, wengi wao kutoka Unguja, na hakuna aliyewaambia kwamba kitu kilichokuwa vipande hakielei.

Hoja nyingine ni ya anasa. Kwa nini Benzi? Tengeneza kamiyo, tengeneza pikipiki, Benzi ni gari la wakubwa, na nchi nzima inajua wakubwa wa enzi za Benzi walitufanyia nini. Hoja hii inaniuma kuliko zote, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Gari hili liliendeshwa na watu waliopewa duka wasilolijenga. Lakini chuma hakina cheo. Huko Ujerumani 220 D hiyohiyo ilikuwa teksi ya kawaida: farasi 60, kilomita 135 kwa saa kwa tabu, mtu wa kazi anapanda na mizigo yake. Ugiriki, dereva wa teksi wa Thessaloniki, Gregorios Sachinidis, alikuwa na ndugu wa gari hili, 240 D ya mwaka 1976. Aliiendesha kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 kiwanda kiliichukua kuiweka katika makumbusho yake. Hakufikia kilomita hizo kwa motere isiyofunguliwa. Alikuwa na motere zaidi ya moja, akizitoa na kuzirudisha kwa zamu, moja ikitembea nyingine ikifanyiwa revizyo. Katika orodha yangu ya watu wanaojua gari hili, yeye ni wa kwanza, na alilifungua mara nyingi.

Sisi ndio tuliolipandisha cheo, tukalifanya la wakubwa, na sasa tunakataa kulishika kwa sababu ya cheo tulicholipa. Ningependa tulishushe. Na kinacholifanya gari hili kuwa la fahari kwangu si nyota iliyo mbele. Aliyelichora alijua siku moja litafunguliwa. Kila boliti inafikika. Shemizi, zile silinda za ndani, zinaweza kutolewa na kushindiliwa nyingine. Nafasi ya supapu inarekebishwa kwa spana mbili. Ikishawaka haihitaji umeme hata chembe: hewa inabanwa mara 21 katika silinda hadi inakuwa kali kiasi cha kuwasha mazutu yenyewe. Hiyo ndiyo anasa ninayoitetea, ya kitu kisichokuficha chochote.

Na wanaosema gari la chini namna hii haliwezi barabara ya Kasongo hadi Kabambare, wakumbuke ni gari gani lililoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki, kwenye matope: 1959 na 1960 Mercedes 219, mwaka 1961 Mercedes 220 SE. Masaluni yanayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Sisemi barabara yetu ni nzuri. Ni mbovu, madaraja yake mengine ni magogo mawili, na mvua ikinyesha hata Land Cruiser hulala njiani. Basi usisafiri mvua ikinyesha.

Kuhusu gari la okazio kutoka Japani nitasema kwa ufupi, kwani wengi wameshajionea. Linashuka Dar es Salaam, usukani kulia, wakati sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo dereva anapotaka kulipita kamiyo lazima amuulize abiria kama njia ni nyeupe. Likifika, taa ya njano inawaka kwenye tablo, na kati ya Kasongo na Kabambare hakuna mashine ya kuisoma. Muuzaji anakwambia motere haijafunguliwa. Ukiyatazama maneno yale vizuri si sifa hata kidogo. Maana yake hakuna mtu aliyewahi kuchungulia ndani, si muuzaji, si wewe. Unanunua giza. Vipuri vyake vilikuwa vikitoka Bukavu, na Februari 2025 waasi wa M23 walipouchukua mji ule wengi wetu tulijifunza mara moja maana ya kutegemea mlango mmoja.

Jambo la kusikitisha ni kwamba umri wenyewe sasa umefanywa ugonjwa kisheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Uganda tangu 2018 imeyafungia mlango yaliyopita 15. Naelewa sababu za moshi na ajali, na siwalaumu wanaotaka hewa safi. Ila huko Ulaya shirikisho la magari ya kale, FIVA, lililoundwa 1966, linasema gari likifika miaka 30 na likatunzwa linaitwa urithi. Na katika Kenya hiyohiyo, mjini Nairobi, kila mwaka watu hujaza uwanja wa farasi wa Ngong Road kwenye mashindano ya magari ya Concours d'Elegance, waamuzi wakiinama kutazama hadi chini ya tumbo la magari ya babu zao. Hakuna anayewauliza kama yamefunguliwa. Gari likiwa la mwenye nacho, kulifungua ni utunzaji. Likiwa uani kwa mtu wa Maniema, ni kifo.

Imebaki hoja ya mzee wangu wa msikitini, ambaye alinijia baada ya swala ya alasiri na kuketi juu ya tairi. "Mwanangu," alisema, "watu wanasukuma baiskeli zenye magunia kutoka Kabambare siku tano, miguu imevimba. Wewe unapaka girisi gari la marehemu. Unaona sawa?"

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda kando ya barabara kukaa na hao wasukumaji, nione kama nawadharau. Wanabeba mchele, mawese, sabuni, chumvi, mizigo ambayo baiskeli haikutengenezwa kuibeba. Jioni wanazilaza baiskeli chini na kuzifungua. Nilimtazama mmoja akitoa gololi za gurudumu la nyuma, akazihesabu kiganjani, akaziosha kwa mafuta ya taa, akatupa mbili zilizopasuka na kutia mbili alizozifunga katika pembe ya leso. Uma wa mbele ulikuwa umeongezewa chuma cha nondo na kuchomelewa. Fremu ilikuwa ya baiskeli moja, usukani wa nyingine. Kwenye barabara ile hakuna baiskeli ambayo haijafunguliwa, na hakuna mtu anayeuliza. Ingekuwa haijafunguliwa ingekuwa imekwama zamani. Watu maskini kuliko wote katika Maniema ndio pekee ambao hawaamini uongo ninaoupinga, na riziki yetu yote inapita mikononi mwao.

Nilirudi kwa mzee nikamwambia: Baba, mimi sikuwaacha wale. Nimekwenda kujifunza kwao. Aliniangalia, hakukubali, hakukataa. Bado hatujamaliza mazungumzo hayo. Yule kijana wa miaka kumi na saba ni mtengenezaji wa baiskeli, na Jumamosi vijana wanaokuja uani sasa ni wanne.

Sisi watu wa Kasongo tuna desturi mbaya ya kuhama tunapopaswa kutengeneza. Mji wenyewe ulihama: Kasongo ya mfanyabiashara Tippu Tip, iliyotekwa na jeshi la Mbelgiji Dhanis Aprili 1893, iliachwa, na mahali pake sasa panaitwa Tongoni. Mswahili yeyote anajua tongo ni mahame. Tanga nao wana Tongoni yao yenye magofu na makaburi ya zamani. Lakini mji ulihamishwa na watawala, magari tunayahama sisi wenyewe. Kila kijiji kati ya hapa na Kabambare kina gari lililogeuka tongo, mbuzi ndani, nyasi zikitokea dirishani. Mengi ya magari hayo yalisimama kwa kitu cha dola kumi na tano.

Asubuhi tuliyopanga kuiwasha Benzi watu walijaa hadi barabarani. Mama alikuwa ametoka Kabambare. Ndiye aliyelala jirani na lile dumu miaka yote hiyo, na pampu iliyokuwa ndani yake sasa ilikuwa mahali pake iking'aa. Nikavuta kishikio cha bujii nusu, nikangoja kile kiwaya kidogo kwenye tablo kiwe chekundu. Hakikuwa. Nikavuta tena. Giza. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti ya chini, "Si ilifunguliwa."

Motere hii ina bujii nne za kupashia joto, na zimefungwa kwa mfuatano: umeme unapita ya kwanza ndipo uende ya pili. Moja ikikatika, zote nne zinakufa. Kijana wa baiskeli hakungoja amri. Alichukua balbu na waya mbili, akajaribu moja baada ya nyingine, na ya tatu haikupitisha. Waya wake ulikuwa umekatika pembeni, mahali pembamba kama ukucha wa mtoto. Hakikuwa kitu tulichokifungua sisi. Bujii ile ilikuwa ya tangu enzi za Mgiriki, nami nilikuwa nimeirudisha nikiamini bado inafaa. Kosa ni langu. Tulikuwa na moja ya akiba. Dakika ishirini. Kiwaya cha tablo kikawa chekundu kama kaa la sigara, nikavuta hadi mwisho, motere ikazunguka mara tatu kwa uzito, ikakohoa moshi mweupe, ikashika. Ule mgongano wa mazutu, wa polepole, mama aliusikia kabla ya yeyote kusema neno. Niliponyoosha mkono kuizima alisema niiache kwanza.

Milango bado haijapakwa rangi. Kiti cha nyuma ni benchi la mbao lenye godoro. Nisingeificha hali hiyo kwa rangi ya kung'aa, kwa sababu sitengenezi pambo. Lakini motere ina daftari lake: kila kipimo, kila tarehe, mkebe upi, nani aliyekaza boliti za kulasi na kwa nguvu ngapi, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu. Hakuna gari lisilofunguliwa kati ya Kasongo na Kabambare lenye daftari kama hilo, wala haliwezi kuwa nalo.

Anayeshikilia kwamba motere hii imekufa asibishane nami sokoni. Aje uani na vibamba vyake vya kupimia, tufungue kifuniko pamoja, apime nafasi ya supapu za kuingiza hewa: 0.10 mm, unene wa karatasi ya daftari la shule. Ila aje Jumamosi, mapema, kabla vijana hawajaiwasha. Supapu hizi hupimwa motere ikiwa baridi.